Cheti cha Babu wa Keya

Katika masanduku ya familia nyingi za Afrika Mashariki zimo karatasi zilizokunjwa: vyeti vya kuachishwa jeshi vya wazee waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni lililoundwa mwaka 1902. Baadhi yao walipigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya askari na jina la kikosi vilivyomo katika cheti ni mlango wa kumtafuta babu katika kumbukumbu za jeshi. Basi ukikipata cheti hicho, usikifanyie laminesheni wala kukibandika selotepu. Kikunjue taratibu, kipige picha, kisha kihifadhi katika bahasha safi, mbali na jua, unyevu na mchwa.

Halafu muulize bibi yale ambayo karatasi haiyasemi: nani alimsindikiza babu, nani alimsubiri, na alirudi akiwa mtu wa namna gani. Wakoloni waliandika utumishi wake. Kuyaandika maisha yake ni wajibu wetu, na wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua. Tuanze leo.