Njia ni ya Aliyebeba

Njia nyingi za miguu huku Mlola, milimani, hazitoshi watu wawili. Upande mmoja ni ukingo wa udongo, upande wa pili matuta ya maharage yanateremka mpaka bondeni. Asubuhi moja nilikuwa nashuka mikono mitupu, nikakutana na bibi anapanda na mzigo wa kuni kichwani, jasho limemkusanyikia kwenye nyusi. Nikajibana ukingoni, mgongo ukalowa umande. "Shikamoo, bibi." Akaitikia "Marahaba" bila kugeuza shingo, maana shingo wakati ule ilikuwa ya mzigo. Akapita.

Je, ule ulikuwa unyenyekevu, au adabu tu? Huku kwetu kumpisha aliyebeba si wema wa kusifiwa. Njiani watu hawaulizani vyeo, wanaangalia mzigo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara nimejikuta kwa mtakatifu mmoja wa kale, Aidan.

Aidan alikuwa mtawa wa Ireland. Mwaka 635 alitumwa kutoka kisiwa cha Iona kwenda Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, kwa ombi la mfalme Oswald. Alitanguliwa na mwenzake mkali, aliyerudi akilalamika kuwa watu wale hawafundishiki. Aidan alimwambia kwa upole kwamba labda aliwapa chakula kigumu watu waliohitaji maziwa kwanza. Basi akapelekwa yeye. Lugha ya kule hakuijua sawasawa, hivyo alipohubiri, mfalme mwenyewe alisimama kumtafsiria, wakuu wake wakisikiliza. Mfalme mkalimani! Sina picha ya utawala ninayoipenda kuliko hiyo.

Masimulizi haya tunayapata kwa Bede, mtawa aliyemaliza historia yake mwaka 731. Anasema Aidan alitembea kwa miguu, mjini na shambani, akizungumza na kila aliyekutana naye, tajiri kwa maskini. Fedha alizopewa na matajiri aliwapa maskini, au alizitumia kuwakomboa watu waliouzwa utumwani. Baadaye mfalme mwingine, Oswine, alimpa farasi mzuri wa kuvukia mito. Haukupita muda, maskini akamwomba msaada njiani. Aidan akashuka, akampa farasi pamoja na matandiko yake ya kifalme.

Hapo alipotia mguu chini ndipo ninapotaka tusimame. Kiswahili chetu kinasema kujishusha, na ajishushaye sharti kwanza awe juu. Nasikitika kuona unyenyekevu ukihubiriwa zaidi kwa wasio na pa kushukia: kibarua asiyelipwa, mke anayepigwa, kijana asiyeruhusiwa kuuliza. Wale hawahimizwi kushuka, wananyamazishwa. Aidan alikuwa na farasi. Ndiyo maana kushuka kwake kuna uzito.

Lakini milima hii ina fikra zake kuhusu ukubwa, na hazikubaliani na mtawa moja kwa moja. Wazee wa Kishambaa walisema kazi ya mfalme ni kuzifya shi, kuiponya nchi, ili mvua inyeshe na watu washibe. Nguvu moja ikitawala, nchi hupona. Ikiwa nguvu kwa nguvu, njaa huingia. Tena Mbegha, kwa simulizi iliyomo katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, alikuwa mwindaji mgeni aliyewagawia watu nyama, hata wakamtawaza huko Vuga. Nyama ilirudi kwake ikiwa enzi. Farasi wa Aidan alikwenda kwa mtu asiye na cha kurudisha, na tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko bahari iliyo kati ya nchi hizi mbili.

Mzee wa Vuga angeuliza: mfalme anayejishusha ataiponyaje nchi? Swali hilo silipuuzi. Oswine alipomlaumu Aidan kwa kumtoa farasi bora wakati mazizi yana wengine wa kutosha, Aidan alimwuliza kama mtoto wa farasi ana thamani kuliko mtoto wa Mungu. Mfalme akaota moto akiwaza, kisha akavua upanga, akapiga magoti na kuomba radhi. Aidan alilia, akisema watu wale hawastahili mfalme wa namna hiyo. Mwaka 651 Oswine aliuawa kwa hila. Nguvu kwa nguvu ilikuwa imefika, na magoti yake hayakuizuia. Bado siwezi kusema alikosea kupiga magoti.

Siku ya kumi na mbili baada ya mauaji hayo Aidan naye alikufa, chini ya hema lililotundikwa ubavuni mwa kanisa, ameegemea nguzo iliyotegemeza ukuta kwa nje. Mali aliyokuwa nayo mahali pale ilikuwa kanisa hilo na vishamba vichache kando yake.