Nani Atampima Mwalimu wa Waganga?



Wazee walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli sokoni. Mama anayeuza muhogo mzuri hana haja ya kupaza sauti; wanunuzi wanamjua, na kesho watarudi kwake. Lakini tujiulize: je, ni kweli pia katika shule ya waganga? Mwalimu mwema anayewafundisha vijana kazi ya kuponya, je, wema wake utajiuza wenyewe, bila mtu kumtazama, bila kumpima, bila kumtunza? Sisi tunajibu: hapana. Na tutaeleza kwa nini.

Sokoni mnunuzi yupo, anaona, anaonja, anachagua. Mwanafunzi wa fundi cherehani akikata nguo vibaya, kosa laonekana siku ile ile. Lakini mafundisho ya uganga hulipwa na mtu ambaye hayupo shuleni. Yeye ni mama wa kijijini, ambaye baada ya miaka kumi atapelekwa kwa machela mpaka kwa mganga kijana. Mama huyu hakumwona kamwe mwalimu wa mganga yule, wala hajui jina lake. Akifa, wengine watasema siku yake ilikuwa imefika, na wengine watatafuta mchawi. Hakuna atakayesema: Alikuwapo mwalimu asiyefika darasani siku ya somo lile.

Hayo si maneno ya kubuni. Tazameni mji wa Vienna, katika nchi ya Austria. Katika hospitali kubwa ya mji ule zilikuwapo maternite mbili jirani. Katika ya kwanza walijifunza vijana wa uganga, katika ya pili walijifunza wakunga. Mwaka 1846, katika ile ya kwanza, walikufa wazazi zaidi ya 11 katika kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Sababu ilikuwa nini? Mganga mmoja, jina lake Semmelweis, aliigundua mwaka 1847. Walimu na wanafunzi walikuwa wakipasua maiti ili kujifunza, kisha wakaenda kuwapima wazazi kwa mikono ile ile, bila kuisafisha vema. Akawaamuru kunawa kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1848, katika maternite ile ya kwanza, hawakufa hata 2 katika kila 100.

Angalieni jambo hili vizuri. Walimu wale walikuwa watu wenye elimu na heshima. Wanafunzi wao walishinda mitihani. Kama mtu angeuliza katika darasa, kila mtu angesema mafundisho ni mazuri. Ubaya haukuonekana katika vitabu, ulikuwa katika mikono; mwalimu alitenda, na mwanafunzi akaiga. Ulionekana kwa yule tu aliyewahesabu wagonjwa.

Vienna ni mbali, lakini sisi Wakongo tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 1926 watu wa Universite ya Louvain walianza kazi ya hospitali huko Kisantu, na baadaye wakafundisha huko wauguzi na wasaidizi wa waganga. Mwaka 1954 Universite ya Lovanium ikafunguliwa karibu na Léopoldville. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa amemaliza masomo ya udaktari katika nchi. Ilibidi wasaidizi wa waganga wapata sitini wapelekwe Ufaransa kutimiza masomo yao. Siku zile swali lilikuwa: Tutapata wapi waganga? Leo ziko shule za waganga Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu, Butembo, Goma na pengine pengi. Swali limegeuka. Sasa tunauliza: Waganga hawa wanafundishwa namna gani, na nani anaangalia?

Basi, tumpime mwalimu kwa kipimo gani? Vipimo vinavyotumika mara nyingi vina udanganyifu.

Cha kwanza ni sifa za wasikilizaji. Huko Marekani wataalamu watatu walimchukua mchezaji wa sinema, wakamwita Dokta Fox, wakamfundisha kusema maneno mazuri yasiyo na maana, yenye kupingana. Akawahutubia waganga wa akili na walimu wao, akawachekesha. Habari hii ilichapishwa mwaka 1973: wasikilizaji wengi walimsifu, wakasema wamefaidika. Ikiwa wenye elimu walidanganyika hivi, je, vijana? Kweli, kibaya hujitembeza, hata kikavaa koti jeupe.

Cha pili ni wingi wa wanaoshinda. Mwalimu akiwapitisha wote, labda ni hodari. Labda pia ni mlegevu, au tena anauza alama. Cha tatu ni maandiko. Katika universite nyingi mwalimu hupanda cheo hasa kwa makala aliyoyachapisha. Kuandika ni kazi njema, na bila utafiti uganga hauendi mbele. Lakini mwenye kuandika vizuri hafundishi vizuri kwa sababu hiyo tu. Na yule aliyesimama miaka ishirini kando ya kitanda cha mgonjwa, akiwaonyesha vijana jinsi ya kusikiliza moyo na kushika tumbo, anabaki chini, naye hana karatasi ya kuonyesha.

Kipimo kilicho bora ni kipi? Tunaona mambo manne yanayotakiwa kwenda pamoja. Kwanza, mwalimu mwenzake, mjuzi wa kazi ile ile, aingie darasani na hospitalini, akae, atazame. Pili, wanafunzi waulizwe, lakini kwa namna ambayo hawataogopa kulipizwa kisasi. Waulizwe tena baada ya miaka mitano, wakiwa peke yao katika hospitali za mbali. Huko ndiko mtu anakojua alifundishwa nini. Tatu, itazamwe mikono ya mwanafunzi, si kalamu yake tu. Mwalimu mmoja wa Dundee, huko Scotland, jina lake Ronald Harden, alionyesha njia mwaka 1975: mwanafunzi anapita meza baada ya meza, hapa anampima mgonjwa, pale anaeleza dawa, na kila mahali mtahini anamtazama akitenda. Nne, wagonjwa wa hospitali ya shule wahesabiwe kwa ukweli, wanaopona na wanaokufa, kama alivyofanya Semmelweis.

Labda mwalimu mkubwa atasema: Mimi nina diploma za ng'ambo, nani atanikagua? Huku ni kunidharau! Tunamjibu kwa heshima. Tangu zamani mwalimu wa watoto kijijini, anayefundisha a, e, i, o, u, anatembelewa na mkaguzi, wala hakuna anayeona ni dharau. Je, anayefundisha kushika kisu juu ya mwili wa mtu, yeye asitazamwe? Mwashi hodari haukasirikii uzi wa timazi. Anaukasirikia yule tu ambaye ukuta wake umepinda.

Hata hivyo mkaguzi naye ana wajibu wake. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa mganga bali mwalimu wa shule, alitoa taarifa juu ya shule 155 za waganga katika Marekani na Kanada. Alikuta nyingine zinaishi kwa karo tu, hazina maabara wala hospitali. Taarifa yake ilisaidia kuzifunga shule nyingi mbaya, na uganga ukaendelea. Lakini kati ya shule saba za waganga weusi alishauri mbili tu zitunzwe, Howard na Meharry. Zile tano zikafungwa, na watu weusi, waliokuwa tayari na waganga wachache, wakaumia. Anayepima tu, asimpe maskini njia ya kujirekebisha, anakuwa hakimu bila kuwa mlezi. Walimu wengi wanajua uganga, lakini hawakufundishwa kufundisha. Kwanza wafundishwe, kisha waonywe, na mwisho, kama hawataki, waondolewe.

Na tuzo je? Wengine husema: Kazi ya kufundisha ni wito, tuzo itaiharibu. Hilo ni nusu ya kweli. Tuzo ikitolewa kwa makofi ya darasa, walimu watatafuta makofi. Lakini kumnyima mtu haki yake, kisha kusema ni wito, ni dhuluma iliyovishwa nguo ya ibada. Tuzo ya kwanza ni mshahara unaofika kwa wakati wake. Kumpa mwalimu karatasi ya sifa, na watoto wake wanafukuzwa shule kwa kukosa karo, ni kumcheka. Tuzo ya pili ni cheo: shule nyingine za nchi za nje zimefungua njia ambayo mwalimu hupanda kwa kazi yake ya kufundisha, akionyesha jalada la masomo aliyotayarisha na vijana aliowalea. Tuzo ya tatu ni nafasi: asipewe umati wa wanafunzi wasioweza hata kukiona kitanda cha mgonjwa.

Tunajua pia kwamba mshahara ukichelewa, majaribu yanakuja. Mara nyingi tunasikia malalamiko ya madaftari yanayouzwa kwa lazima, na alama zinazotafutwa kwa franka. Njaa inaeleza kosa hili. Haiwezi kulifanya kuwa haki. Na ndugu wazazi, hapa neno linatugusa sisi wenyewe. Mwalimu hawezi kuuza alama bila mnunuzi. Baba anayemnunulia mwanawe alama za uganga hamsaidii mwanawe. Anamtayarishia mgonjwa kaburi, na pengine mgonjwa huyo atakuwa mjukuu wake.

Basi tufanye nini? Mwenye mtoto katika shule ya waganga asimwulize tu: Umeshinda? Amwulize: Umeonyeshwa nini, na nani alikutazama ukitenda? Mgonjwa akubali wanafunzi wamkaribie kitandani, lakini ana haki ya kuuliza: Mwalimu wenu yuko wapi? Na wakuu wa shule wamtafute yule mwalimu asiyejitangaza, anayefika asubuhi mapema na kunawa mikono mbele ya vijana wake, wampe anachostahili. Mama wa kijijini hawezi kumlipa. Ni juu yetu kulipa kwa ajili yake, sasa, kabla machela haijafika mlangoni.