Mke na Kiti: Makatazo ya Kuoa katika Visa vya Watawa Wapiganaji

Vijana wa zama hizi, wakisha kutazama senema na kusoma vitabu vya visa vya Kizungu, huulizana barazani swali ambalo wazee huliona kuwa ni la upuuzi. Swali lenyewe si la upuuzi. Wauliza: mtu aliyekabidhiwa upanga ili awalinde watu wote, je, yafaa akatazwe kuoa, asije akawapendelea walio wake, na ulinzi wa umma ukageuka kuwa milki ya nyumba moja? Kweli visa vyenyewe ni vya kubuni, na hapana mwenye akili atakayebisha hilo. Lakini binadamu hubuni kwa kadiri ya khofu yake, na khofu iliyomo humo, ya kuwa cheo kitafuata damu badala ya kufuata sifa, ni khofu ambayo tarekhe ya kila taifa imeishuhudia.

Kisa mashuhuri kupita vyote ni kile alichokianzisha George Lucas wa Marekani mwaka 1977, kiitwacho Star Wars, yaani Vita vya Nyota. Ndani yake mna jamii ya watawa wapiganaji waitwao Jedi. Hukaa hekaluni, huvaa nguo za rangi ya udongo, hutafakari, hupigana kwa panga za nuru, na huitumikia dola pasipo kuitawala. Watoto huchukuliwa wangali wachanga kutoka kwa mama na baba zao, wakalelewa na walimu. Hawana ruhusa ya kuoa. Na sababu yao si kwamba mwanamke ni najisi, la. Wao husema kuwa moyo ulioshikamana na mtu mmoja hukhofia kumpoteza, na mwenye khofu ya namna hiyo hawezi kuaminiwa na upanga.

Akaletwa kwao mtoto mmoja, jina lake Anakin Skywalker, naye ana miaka tisa, amekwisha kumjua mama yake na kumpenda. Mama huyo alikuwa mtumwa. Wale watawa walimtoa mtoto utumwani, mama wakamwacha, na kwa muda wa miaka kumi hapana hata mmoja wao aliyerudi kumkomboa. Yafaa msomaji asimame hapa kidogo. Jamii iliyojinasibu kwa kuwalinda wanyonge iliuona upendo wa mwana kwa mama kuwa ni khatari, na utumwa wa mama ikauona kuwa ni jambo lisiloihusu. Mtu aliyemtoa yule mama katika utumwa alikuwa mkulima wa jangwani, ambaye alimnunua, akampa uhuru, akamwoa.

Katika senema ya mwaka 2002 Anakin, naye amekwisha kuwa kijana, amwoa Padmé kwa siri. Katika ile ya mwaka 2005 aota ya kwamba mkewe atakufa katika uzazi, kama alivyoota kwanza juu ya mama yake, na ndoto ile ikasadiki. Basi akamwendea mzee wao mkubwa, Yoda, kumtaka shauri. Lakini atasemaje? Akisema ni mkewe, atafukuzwa. Akasema tu kwamba aota kifo cha mtu, asimtaje. Mzee akampa nasaha ya jumla kwa kuwa aliulizwa swali la jumla: ajizoeze kuyaacha yote anayokhofia kuyapoteza. Wakati ule ule palikuwa na mtu mwingine, mkuu wa dola, Palpatine, ambaye siri ile aliijua. Huyu hakumlaumu wala hakumfukuza, bali alimwahidi kuwa iko elimu ya kumzuilia mkewe mauti. Kijana akamfuata, akaingia hekaluni na upanga wake, akawaua hata watoto wanafunzi. Mke naye akafa baada ya kuzaa mapacha.

Watetezi wa makatazo husema: huu ndio ushahidi wetu, mtu alioa na dunia ikaharibika. Hoja hii ina nguvu, nayo haifai kudharauliwa. Walakini yafaa kuulizwa ni kitu gani hasa kilichomharibu. Waume wengi huota wake zao wakifa, wakaamka, wakasali, wakenda kwa tabibu au kwa mzee wa mtaa, wakatulizwa. Anakin alikuwa na mke kama wao. Alichokosa ni mtu mwema wa kumwambia. Makatazo hayakumzuia kupenda. Yalimzuia kusema, na hapo shauri la watu wema likakatika, likabaki la yule mmoja mwovu aliyeijua siri. Kila sharia inayokataza lisilokatazika huwapa wabaya ufunguo huo.

Na yako mengine. Senema ya mwaka 1983, ambayo kwa mpango wa kisa huja baada ya hayo, yaeleza jinsi yule Anakin, sasa mtumishi wa dhulma na jina lake Darth Vader, alivyokabiliwa na mwanawe Luke. Walimu wa zamani walimtaka kijana apigane naye. Mmoja wao akaona ya kwamba akishindwa kumwua baba yake, mfalme dhalimu amekwisha kushinda. Kijana akautupa upanga, akasema hamwui. Na baba, alipomwona mwanawe akiteswa, akamnyanyua yule mfalme akamtupa shimoni. Jambo ambalo hekalu zima lilishindwa kulifanya lilifanywa na kile kile walichokikataza.

Je, mlango ukifunguliwa, mambo yatengenea? Hapa nao watetezi wa ndoa wasiharakie kufurahi. Katika vitabu vilivyotungwa baadaye juu ya kisa hiki, Luke aliiunda jamii upya, akaruhusu kuoa, na mwenyewe akamwoa Mara Jade, katika kitabu cha picha cha mwaka 1999. Wakazaa. Kisha mwana wa dada yake, Jacen, akageuka kuwa dhalimu, akamwua Mara. Mwaka 2014 wenye kisa waliviweka kando vitabu hivyo, visihesabiwe tena. Lakini senema mpya zilizoanza mwaka 2015 zikaleta jambo lile lile kwa jina lingine, mwana wa dada yake Luke akiyachoma mafundisho ya mjomba wake. La ajabu zaidi ni la yule binti aitwaye Rey. Senema ya mwaka 2017 ilisema wazazi wake ni watu wasiojulikana, wasio na cheo. Ile ya mwaka 2019 ikabatilisha, ikamfanya mjukuu wa Palpatine, na mwisho akajitwalia jina la Skywalker. Jamii ile ilikataza ndoa ili kusiwe na nasaba, na senema tisa zikawa khabari ya nasaba moja. Hata mtunzi hakuweza kustahimili shujaa asiye na babu.

Kisa cha pili ni cha George R. R. Martin, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Humo mna Walinzi wa Usiku, wakaao juu ya ukuta wa barafu wenye urefu wa futi 700. Huapa wasioe, wasimiliki ardhi, wasizae. Mkuu wao huchaguliwa kwa kura, wala harithiwi, na hilo ni jema. Pamoja nao yuko mzee kipofu, Aemon, aliyezaliwa mwana wa mfalme. Aliletewa ufalme akaukataa, kisha akenda ukutani, ili watu wasimtumie kumpinga ndugu yake mdogo. Miaka ikapita, jamaa zake wakauawa, naye kule hana la kufanya ila kusikia. Kiapo hakikuutoa upendo moyoni mwake. Kilimzuia tu asiondoke. Na katika tarekhe ya hao Walinzi, kama alivyoitunga Martin, yuko mkuu mmoja, Runcel Hightower, aliyetaka kumwachia kiti mwanawe aliyemzaa nje ya ndoa. Basi mke hakuwako, na tamaa ya urithi ikawako.

Katika tarekhe ya kweli mambo haya hayakwenda vingine. Watawa wapiganaji wa Kijerumani, waliotawala nchi ya Prussia, walikatazwa kuoa. Mwaka 1511 walimchagua Albert wa nyumba ya Hohenzollern awe mkubwa wao, na katika sababu za kumtaka ni kwamba mfalme wa Poland alikuwa mjomba wake. Basi nasaba ilikwisha kuingia mlangoni kabla ya mke. Mwaka 1525 Albert aliigeuza nchi ya watawa kuwa milki yake, mwaka 1526 akamwoa Dorothea binti wa mfalme wa Denmark, na mwaka 1568 mwanawe akamrithi. Na kule Roma, ambako mapapa hawana watoto wa sharia, cheo kiliwaendea wana wa ndugu zao, hata lugha za Ulaya zikalitoa neno la upendeleo katika neno la mwana wa ndugu. Desturi ile ikapigwa marufuku mwaka 1692.

Ama Waislamu nao wasijitoe. Askari wa Kituruki waliojulikana kwa Yanissari, waliofungamana na tarika ya Bektashi, mwanzo walizuiwa kuoa maadamu wamo kazini, na wao wenyewe walikuwa watoto walionyang'anywa wazazi wao wa Kikristo, jambo ambalo halina uzuri wowote. Katika karne ya 16 makatazo yakalegezwa, na wana wao wakaanza kuandikwa askari. Kidogo kidogo uaskari ukawa urithi, wenye maduka wakaandikwa kwa ajili ya mshahara, na wafalme waliotaka kuwatengeneza wakaondolewa vitini. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa pili aliwapiga kwa mizinga makambini mwao. Mwenye kusema kuwa ruhusa ya kuoa peke yake ni dawa, na aisome khabari hii.

Dini ya Kiislamu imelikata jambo la kwanza pasipo shaka. Katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 27, Mwenyiezi Mungu aeleza kuwa utawa wa kujitenga waliuzua watu wenyewe, hawakufaridhiwa, ingawa waliutaka kwa kutafuta radhi Yake, kisha hawakuutunza kama ipasavyo kuutunza. Nia yao haikutukanwa. Na yamepokewa makhabari ya watu watatu: mmoja alikata shauri kusali usiku kucha, wa pili kufunga daima, wa tatu kutooa kabisa. Mtume s.a.w. aliwakataza, akawaeleza kuwa yeye ni mchaji kuliko wao, naye hulala, hufungua, na huoa. Uthman bin Madh'un alipotaka kujitenga na wanawake hakupewa idhini. Na masahaba hao ndio waliopigana Badri na Uhudi, wana wake na watoto nyumbani.

Lakini jambo la pili, la cheo na mwana, halikukatika kwa kuoa, wala kwa kutooa. Mwaka 680 Yazid alikirithi kiti cha baba yake Muawiya, na yaliyofuata Karbala kila Mwislamu ayajua. Kosa la wale watawa wa visa si kwamba waliogopa nasaba. Walikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lao ni kuwa waliujenga ukuta mahali sipo. Waliuweka baina ya mume na mke, na pahali pake ni baina ya baba na hazina, baina ya kiti na mtoto. Na ukuta wa namna hiyo una taabu kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kumkataza mtu kuoa ni neno la siku moja, siku ya kiapo, na kumzuia asimpendelee mwanawe ni kazi ya kila siku ya uhai wake, akiwa ampenda na amwona.

Yuko aliyeijenga. Umar bin Khattab r.a. alipowapangia Muhajirina wa mwanzo fungu la 4000 kila mmoja, mwanawe Abdallah alimpa 3500, na alipoulizwa, naye ni Muhajiri kama wao, akajibu kuwa yeye alihamishwa na wazazi wake, si sawa na aliyehama mwenyewe. Abdallah aliponunua ngamia akawalisha katika malisho ya umma wakanenepa, Umar alimwamrisha awauze, atwae mtaji wake, na faida aitie katika Baiti-l-mali, kwa kuwa watu humpisha ngamia wa mwana wa Amiri pahali pazuri pasipo kuambiwa. Yeye hakukatazwa kuoa, wala watoto wake hawakufichwa. Na mwaka 644, alipokuwa amelala na jeraha la kufa, aliwataja watu sita wachague khalifa miongoni mwao. Said bin Zaid, jamaa yake, hakumtaja, ijapokuwa ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na wanavyuoni wamesema ni kwa sababu ya ule ujamaa. Juu ya Abdallah akaagiza ahudhurie nao, atoe shauri lake, na katika cheo asiwe na fungu.