Saa Moja ya Carlo

Mtoto akiacha katuni kwa sababu simu imefungwa, je, amejifunza kiasi au amenyimwa tu? Mimi naona amenyimwa. Kesho atavizia namba ya siri, na ataipata (watoto wa siku hizi!). Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alipenda michezo ya kompyuta, lakini alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Alijiwekea mwenyewe. Mtoto wa miaka saba hawezi kuanzia hapo, sawa, mzazi lazima apange. Ila wewe kaka, wewe dada, ukimwambia azime huku umeinamia TikTok, unamfungisha Kwaresima wakati wewe unakula nyama. Kwetu simu zote huingia kabatini kabla ya rozari, ya baba ikitangulia. Mdogo wangu ndiye mkusanyaji, na hana huruma.