MGENI NJOO, MWENYEJI APONE



Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi twaitumia methali hii siku ambayo nyumba haina kitoweo, kisha mgeni akabisha hodi, kuku akachinjwa, na wenyeji nao wakala. Lakini iko siku ambayo maneno haya hutimia kama yalivyo: mgeni ni daktari, na mwenyeji ni mgonjwa kweli kweli. Basi tumeona vema tuulize swali ambalo limetusumbua kwa muda. Mgeni akija na mwenyeji akapona, ni nani apewe shukrani? Na je, kumpa mtu cheti na zawadi kwa kazi ambayo tayari analipwa mshahara ni jambo jema, au ni kumharibu?

Sisi wa Kabuku tuko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Mgonjwa wetu akizidiwa, njia ni hiyo hiyo. Kusini iko Dar es Salaam na Muhimbili. Kaskazini iko Korogwe, na mbele kabisa Moshi, iliko KCMC. Upande wa pwani iko Muheza na hospitali yake Teule, na kisha Bombo, Tanga mjini. Tumezoea kwamba mgonjwa ndiye aifuataye hospitali. Walakini hospitali nazo siku hizi humfuata mgonjwa, na kazi hiyo huitwa huduma ya mkoba. Akina mama wanalijua neno hili tangu zamani, kwa maana muuguzi huja na mizani na chanjo, watoto wakapimwa chini ya mwembe. Sasa mkoba umekuwa mkubwa zaidi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, hupeleka madaktari wake mikoani kwa huduma iitwayo tiba mkoba. Tena mwaka 2024 Wizara ya Afya ilianza kampeni ya kuwapeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri. Ni jambo la kushukuriwa.

Yafaa tukumbuke kwamba hospitali kama Muhimbili si mahali pa kutibia tu, bali ni shule pia. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1976 kikaunganishwa na hospitali kuwa kituo kimoja cha tiba, na mwaka 2007 kikapata kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo watu wa hospitali ya namna hii wanapokuja kwetu hutenda mambo mawili kwa pamoja: wanatibu, na wanajifunza. Nasi kwa upande wetu twapokea, na pia twatoa.

Mfano uko karibu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio yake makubwa ya mwisho katika nchi 7 za Afrika. Katika nchi yetu yalifanyika Bagamoyo, na hapa jirani Korogwe. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itolewe kwa watoto wa Afrika. Wataalamu walistahili sifa, nao walizipata. Lakini sindano ile haikujaribiwa hewani. Ilikuwako mikono midogo ya watoto, na walikuwako mama zao waliokubali, wakarudi kliniki tarehe baada ya tarehe, mvua ikinyesha na shamba likingoja. Hatujaona cheti chenye jina la mama hata mmoja kikitundikwa ukutani.

Sasa tueleze lililotupata sisi wenyewe.

Mwaka juzi madaktari kutoka mjini walikuja mkoani kwetu kupima watu bure. Palikuwa na bango kubwa, spika, na mpiga picha. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Daktari kijana, mpole sana, alitufunga mkanda mkononi, akatazama, akafunga tena. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Alitueleza kwa utaratibu, akatupa vidonge vya mwezi mmoja na karatasi ya kuendelea na matibabu. Mpaka leo twamshukuru, kwa kuwa bila yeye tusingejua. Tukarudi nyumbani, tukameza dawa mpaka zikaisha, na tulipojiona hatuna maumivu yoyote, tukaacha. Karatasi ilibaki katika mfuko wa shati. Magari yalikuwa yamekwisha kurudi mjini, na zahanati iliyo karibu nasi haikuwa na habari.

Wiki kadhaa baadaye, jioni, tukasikia hodi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna mgonjwa?"

"Ndiyo, wewe. Nimesikia sokoni kwamba ulipimwa na madaktari wa mjini ukakutwa na presha. Mbona sijakuona kuchukua dawa?"

Tukajibu kwamba tumekwisha kupona. Akacheka, akaketi, akatoa mashine katika kikapu.

"Presha haiponi, Mwalimu, hutulizwa. Ulikuwa unatuchapa kwa kuacha hesabu nusu. Leo wewe umeacha dawa nusu. Nikufanyeje?"

Tuliona haya, maana tulimfundisha sisi. Na hapo ndipo tulipokumbuka jambo lililotuumiza zaidi.

Chuoni tulikosomea ualimu tulifunzwa kwamba zawadi humtia mwanafunzi bidii. Kwa miaka mingi tulisimama mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, tukawapa madaftari na kalamu watoto watatu wa kwanza. Katika darasa la muuguzi huyu alikuwako mtoto mwenye kifafa. Alipoanguka, wenzake walikimbia, maana watu waliamini kwamba povu lile huambukiza. Msichana mmoja tu hakukimbia. Alimlaza ubavu, akamfuta mdomo kwa kanga yake, akamsindikiza nyumbani, kesho yake akaketi naye tena. Katika mtihani alikuwa wa ishirini na kitu. Hatukumpa hata kalamu. Si kwamba tulimnyima. Hatukuona kabisa kwamba pale palikuwa na jambo la kupewa zawadi. Msichana huyo ndiye aliyekuwa ameketi kibarazani kwetu na mashine ya presha.

Turudi basi kwenye swali letu. Kila Mei Mosi idara na hospitali huchagua wafanyakazi hodari, wakapewa vyeti na bahasha. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Wako wasemao kwamba hayo yote ni ya bure. "Analipwa mshahara," husema, "na mtumwa aliyefanya wajibu wake asubiri kusifiwa?" Wengine husema kwamba sifa huleta majivuno, nasi tumeonywa tusipige tarumbeta tutoapo sadaka.

Hoja hizi zina uzito, lakini twaona zimechanganya mambo mawili. Onyo la tarumbeta ni la mtendaji, asitende ili atazamwe. Halikumpa mtendewa ruhusa ya kunyamaza. Wale wakoma kumi waliotakaswa, ni mmoja tu aliyerudi kushukuru, na Bwana aliuliza wako wapi wale tisa. Na kuhusu mshahara, mshahara hulipa saa za kazi. Nani alilipa ile jioni, na ule mwendo wa vumbi? Jambo ambalo haliwezi kulipwa laweza kushukuriwa, wala shukrani si malipo. Ni kusema kweli mbele ya watu juu ya lililotendwa.

Hatari ya zawadi haiko katika kutolewa kwake. Iko katika yale inayofundisha. Zawadi huwaambia wote wanaotazama, "Hili ndilo tunalolithamini." Sisi kwa kalamu zetu tuliwaambia watoto kwamba kuwa wa kwanza ni bora kuliko kutomkimbia mwenzako. Vivyo hivyo, hospitali ikiwasifu watu wake kwa hesabu ya waliopimwa kwa siku moja, watapima wengi, nasi tutafurahi. Lakini aliyepimwa si lazima awe ametibiwa. Anayehesabu vichwa katika foleni hawezi kuona karatasi iliyobaki katika mfuko wa shati.

Hapa twapenda kuutazama mfano tunaoujua sote. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na makanisa kwa jina la Msamaria Mwema, na jina hilo lafaa sana kwa hospitali. Twamsifu Msamaria, na ni haki. Lakini tusome tena kwa makini. Msamaria alikuwa msafiri. Alifunga majeraha, akalala pale usiku mmoja, na asubuhi akaenda zake. Nani aliyebadilisha vitambaa siku ya pili? Nani aliyempa uji siku ya tatu? Ni mwenye nyumba ya wageni. Jina lake hatujui, wala hakuna hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Madaktari bingwa ni Msamaria wetu. Muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji ndio wenye nyumba.

Lakini angalieni jinsi Msamaria alivyomtendea mwenye nyumba. Hakumwacha gizani. Alimkabidhi mgonjwa kwa mkono, alimwachia fedha za kumtunza, na aliahidi kurudi na kulipa litakalozidi. Mambo matatu: kukabidhi, kuwezesha, kurudi. Huduma ya mkoba yenye mambo hayo ni Msamaria kamili. Isiyo nayo ni matembezi mema tu. Kwa hiyo tungewaomba wageni wetu, kwa heshima zote, kabla ya kufunga mikoba yao waketi na wenyeji wao wa zahanati, wawaachie orodha ya waliokutwa na ugonjwa, wawafundishe wanachokijua, na wataje siku ya kurudi. Wazee walisema pia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mgeni aliyeshika jembe pamoja na mwenyeji huacha shamba limelimika.

Na watoao vyeti tungewaomba wasiishie kuuliza ofisini. Wamwulize mgonjwa: "Ni nani aliyekuja kukutazama wakati hapakuwa na mtu wa kumwona?"

Je, sisi tusio na vyeti vya kutoa, tufanyeje? Twakumbuka tukiwa watoto mwaka 1973, nchi nzima ilipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, vyoo vikachimbwa, visima vikasafishwa. Hakuna aliyesema afya ni kazi ya daktari peke yake. Basi nasi twaweza kufuata tarehe tulizopewa, maana mgonjwa anayerudi kliniki amemheshimu muuguzi kuliko hotuba. Twaweza kusema katika mkutano wa kijiji kwamba zahanati inahitaji nyumba ya muuguzi, au taa. Twaweza kumtaja kwa jina lake akiwa hai na anasikia. Tabia yetu ni kungoja mazishi, ndipo wasifu usomwe na watu walie. Marehemu hahitaji kutiwa moyo. Anayeamka kesho saa kumi na moja kuzalisha wake zetu ndiye anayehitaji.

Tusimpunguzie mgeni sifa ili kumwongezea mwenyeji. Yule daktari kijana aliuona ugonjwa ambao sisi na zahanati yetu hatukuujua, na yule muuguzi alihakikisha kwamba kuonwa kule hakupotei bure. Mmoja bila mwenzake, leo pengine tusingekuwa tunaandika maneno haya.

Mwezi uliopita tulipokwenda kuchukua dawa, tulichukua na kalamu moja mpya, tukamweleza muuguzi kwamba ni ile ya siku ya kufunga shule, imechelewa kidogo. Alitutazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akaifungua, akavuta kadi yetu, akatuandikia tarehe ya kurudi.