Mshindi Asiyepewa Kikombe Chake

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Kosa limekwisha kusahihishwa, mwataka nini tena?" Neno hili twataka kulipima, nasi tutalipima kwa habari za mchezo ulio mbali nasi, yaani mashindano ya motokaa katika Marekani.

Mchezo huu haukuanza kwa heshima. Tangu 1920 hata 1933 sheria ya nchi ile ilikataza kutengeneza na kuuza vileo. Na hata baadaye watu wa milima ya kusini waliendelea kupika pombe ya moshi kwa siri, wasilipe kodi. Waliichukua usiku kwa motokaa zilizoonekana kama za watu wote, walakini injini zake zilikuwa zimeongezwa nguvu, na springi zimekazwa zisilale kwa uzito wa mzigo. Vijana hao wakaanza kushindana wao kwa wao. Desemba 1947 Bill France aliwakusanya wenye mambo hayo katika hoteli moja mjini Daytona Beach, na mwaka 1948 kikaundwa chama kiitwacho NASCAR, ili sheria iwe moja kwa wote.

Sheria hiyo ilijaribiwa upesi. Tarehe 19 Juni 1949, huko Charlotte, Glenn Dunaway alitangulia kufika. Waamuzi wakaikagua motokaa yake, wakaona springi zimegeuzwa kwa kazi ya pombe, wakamnyima ushindi, akapewa Jim Roper. Angalieni jinsi macho yao yalivyokuwa makali! Springi zilizofichwa chini ya gari waliziona.

Wako wadhanio kwamba kazi ya mashindano haya ni kushika usukani tu. Hao hawajui. Ndani ya gari joto hupita digrii 50, na mbio za maili 500 huchukua saa tatu au zaidi. Katika viwanja vikubwa mwendo hukaribia maili 200 kwa saa, na magari hufuatana karibu kugusana. Tena mchezo huu hula fedha: asiye na tairi mpya hushindwa na mwenye nazo, hata akiwa hodari kumpita.

Sasa twamtaja Wendell Scott, mtu mweusi wa Danville, Virginia, aliyezaliwa 1921. Alikuwa fundi wa magari jeshini wakati wa vita, na baadaye naye aliwahi kuchukua pombe ya moshi. Hatumsifu kwa hilo; lakini ndiyo shule waliyosoma wengi wa wale weupe walioshangiliwa. Alianza kushindana 1952. Wengine walisaidiwa na makampuni ya kutengeneza magari. Yeye alinunua yaliyokwisha kutumiwa, akayatengeneza mwenyewe pamoja na wanawe. Viwanja vingine vilimkataa kwa sababu ya rangi yake.

Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, Scott aliwashinda wote. Bendera ya ushindi haikupungwa kwa ajili yake. Buck Baker, mzungu, alitangazwa mshindi, akapewa kikombe. Scott akapinga. Saa kadha zikapita, watazamaji wakaenda zao, ndipo waamuzi waliposema kwamba hesabu yao ilikuwa na kosa, na kwamba Scott ndiye aliyeshinda, tena kwa mizunguko miwili. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya watu wote, apewe kikombe na kubusiwa na binti mzungu kama ilivyokuwa desturi.

Na tuseme ilikuwa kosa la hesabu. Je, deni limelipwa? Kitabuni, ndiyo, jina lake liliandikwa. Lakini ushindi si maandishi peke yake, ni jambo litendwalo mbele ya macho ya watu. Mwenye kumtukana mwenziwe sokoni, kisha akaja kumwomba radhi chumbani, amelipa nusu tu. Ile nusu nyingine imebaki sokoni, midomoni mwa waliosikia tusi wasisikie radhi.

Wengine watatujibu kwamba sifa za watu ni upepo, na mtu mwema hazitafuti. Ni kweli, nasi twapenda mtu aseme hivyo juu ya sifa zake mwenyewe. Lakini aliyezizuia sifa za mwenziwe hana ruhusa ya kumfundisha unyenyekevu. Tena haikuwa hasara ya Scott peke yake. Mtoto mweusi aliyetazama siku ile alirudi nyumbani na habari isiyo ya kweli.

Scott alifariki mwaka 1990. Agosti 2021, katika uwanja wa Daytona, jamaa zake walipewa kikombe cha Jacksonville. Mwanawe Frank, aliyekuwa akimsaidia baba yake kutengeneza magari, alikuwapo, naye amekwisha kuwa mzee.