Je, Mgonjwa Ana Deni la Kusema Ukweli?

Mwezi wa Aprili mwaka 1989, mwimbaji wa Uganda aliyependwa sana, Philly Bongoley Lutaaya, aliwaambia waandishi wa habari mjini Kampala kwamba ana ugonjwa wa ukimwi, ule ambao Wakongo huuita sida. Alikuwa na umri wa miaka 37, na makao yake yalikuwa Uswidi. Siku zile mgonjwa wa Afrika hakuwa na dawa ya kumponya wala ya kumrefushia maisha, naye alijua mwisho wa njia yake. Hata hivyo hakujifungia chumbani. Alizunguka mashuleni na makanisani, akaimba na kufundisha, huku mwili ukikonda mbele ya macho ya watu, mpaka tarehe 15 Desemba mwaka ule ule alipofariki. Watu wa sinema walimfuata, na filamu yao, iliyopewa jina la wimbo wake mmoja, Born in Africa, yaani Mzaliwa wa Afrika, ilionyeshwa mwaka 1990.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengi hawakumsadiki. Walisema anajitangaza tu ili apate fedha. Ndivyo ilivyo: mtu akisema uongo kwamba yu mzima, husadikiwa upesi, akisema kweli kwamba anakufa, hudaiwa ushahidi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mkatekumeni wa Kilembwe aweza kulisikia kwenye lubunga, wazee wakizungumza jioni. Je, mgonjwa wa namna hii ana deni la kuutangaza ugonjwa wake? Na akinyamaza, amekosa?

Wako wanaojibu upesi kwamba amekosa, kwa maana anawaficha wenzake hatari. Lakini jibu hilo halikupimwa vema. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kulala mkeka mmoja, wala kwa kushikana mikono. Huambukizwa kwa tendo la ndoa au la uasherati, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wake. Basi jirani anayekaa nyumba ya tatu hana hatari yoyote inayompa haki ya kuulizia damu ya mwenzake. Akiulizia, mara nyingi si kwa kujilinda. Ni kwa kupata neno la kwenda nalo kisimani.

Mke au mume ni jambo jingine kabisa. Huyo ametoa mwili wake akiamini, na anayeamini hapaswi kuongozwa gizani. Mtu anayejua hali yake akamficha mwenzi wake, akisema moyoni kwamba anamhurumia asije akahuzunika, hamhurumii yeye. Anaihurumia nafsi yake mwenyewe. Hapo deni lipo, tena ni zito, wala aibu haiwezi kulifuta. Ni kweli kwamba mwanamke anayesema aweza kufukuzwa nyumbani usiku uleule, hata kama ni mume aliyemletea. Kwa hiyo atafute kwanza mtu wa kumsaidia kusema, awe mwuguzi au ndugu mwenye busara. Hatari hiyo yaonyesha kwamba mzigo wa ukweli hauko juu ya mgonjwa peke yake.

Lutaaya, basi, alilipa zaidi ya deni lake. Watu wa Kampala hawakuwa na haki ya kumdai siri yake. Aliwapa bure, kama mtu atoavyo muhogo wake wa mwisho wakati wa njaa. Wala hakudai kwamba haogopi. Wimbo wake juu ya ugonjwa huu, hata kwa jina lake, wakiri upweke na hofu. Wengine hufikiri kwamba ushujaa ni kutokuhofu. Hao wasome tena habari za bustani ya Getsemani.

Hakuwa wa kwanza kuufungua mdomo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1987, nchini Zambia, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba mwanawe, aliyefariki mwaka uliotangulia, aliuawa na ugonjwa huo. Mwaka 1987 huohuo Franco Luambo Makiadi wa Kongo aliimba kuwaonya watu juu ya sida. Na mjini Kampala, mwanamke aitwaye Noerine Kaleeba alikuwa amefiwa na mumewe Christopher mwezi wa Januari. Mume huyo aliugua akiwa masomoni Uingereza. Miaka kadhaa kabla yake aliwahi kutiwa damu baada ya ajali ya gari. Huko Uingereza wauguzi walimtunza kwa upole. Aliporudishwa kwao, wengi waliogopa hata kumgusa, na mkewe ndiye aliyemwosha na kumlisha. Baada ya mazishi alikusanya wachache, wengi wao wagonjwa, wakaanzisha chama cha kuwatunza wenzao, kiitwacho TASO.

Wakristu wa Fizi na Baraka wanajua namna nyingine ya kusimama karibu na anayekufa. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, Padri Luigi Carrara aliamriwa kupanda gari. Akakataa kuuacha mwili wa Furere Vittorio Faccin aliyekwisha kuuawa, akapiga magoti kando yake, akauawa naye. Waliandikwa katika hesabu ya wenye heri mjini Uvira mwaka 2024, pamoja na Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert waliouawa Fizi siku ileile. Kifo chao si sawa na kifo cha mgonjwa, maana wao waliuawa na watu wenye silaha. Lakini kile alichokifanya Kaleeba kando ya kitanda hakiko mbali sana na kupiga magoti kule.

Liko neno moja zaidi, nalo lawahusu wafiwa. Mgonjwa anapokufa katika ukimya, kijiji hakikubali kukaa bila sababu. Husemwa: amelishwa sumu, amerogwa. Kisha macho hugeuka, nayo humwangukia bibi kizee fulani asiye na mtoto wa kumtetea. Watu wa ukoo waliojua ukweli tangu mwanzo hukaa kimya msibani, wakilinda jina la marehemu, wakati yule bibi anabomolewa nyumba. Hapo kunyamaza si tena kutunza siri. Marehemu hapotezi kitu. Anayepoteza yu hai, amesimama nje mvuani.

Tangu mwaka 1996 dawa zenye nguvu zimejulikana, miaka saba baada ya Lutaaya kuzikwa. Anayezimeza kila siku bila kuacha aweza kuishi hata azeeke, na virusi vikipungua katika damu hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake. Hata hivyo wako wanaokipita kituo cha afya cha karibu, wakatembea hadi cha mbali, ili wasionekane na jamaa wakipokea vidonge. Jirani akikutana njiani na mmoja wao alfajiri, ana kibuyu cha maji na mfuko mdogo, amsalimie, amwombee safari njema, asimwulize aendako.